Meno ya Kwetu

Mimi si mtu wa kuomba radhi. Waulize wanaonijua, kuanzia kitongojini kwetu hadi sokoni Ngaramtoni. Nimezika mume, nimelea watoto watano na ng'ombe sijui wangapi, na katika miaka yote hiyo neno "nisamehe" nimelitamka kanisani tu, tena kwa sababu limeandikwa kitabuni na watu wote wanalisema kwa pamoja. Kwa hiyo ninapokwambia kwamba nilimwomba radhi mkwe wangu, mimi Nanyori, tena nikamfuata jikoni kwake, ujue nakusimulia jambo zito.

Jambo lenyewe ni meno.

Sisi tunaoishi upande wa magharibi wa Mlima Meru meno yetu ni ya kahawia. Si uchafu. Sugua kwa mswaki, sugua kwa mkaa, mswaki utaisha na mkaa utaisha, meno yapo palepale. Ukishuka mjini Arusha, ukicheka tu, mwenye duka anajua umetoka wapi. Wapo wanaoona haya wakaziba midomo. Mimi sijawahi. Mama yangu alikuwa nayo, bibi yangu alikuwa nayo, na marehemu mume wangu aliniona nikicheka ndipo akatuma watu kwetu. Niliyachukulia kama kitambulisho cha taifa, ila haya hayapotei.

Wataalamu walikuja mara nyingi kutuambia kwamba ni maji. Yanatoka mlimani na floraidi nyingi, yanaharibu meno ya watoto, na kwa wengine hata mifupa. Tuliwasikiliza, tukawapa chai iliyopikwa kwa maji yaleyale, wakanywa, wakaondoka. "Ya kesho anayajua Mungu," niliwaambia. Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yangu kwa kila kitu, kuanzia bima hadi kupima presha. Usinione mjinga. Kabla ya hao watano nilizika wawili ambao hawakuwahi hata kutembea, na mama aliyezika hivyo hujifunza kutotazama mbali. Unalisha leo, unafunika leo. Meno ya mtoto atakapokuwa mkubwa? Kwanza awe mkubwa.

Basi Solomoni, kitinda mimba wangu, ambaye ni dereva wa watalii, akatuletea Agnela. Mchaga wa Kibosho, Mkatoliki, ana duka la vitenge mjini, na meno meupe mpaka yanaudhi. Nilimpokea vizuri. Alikuwa na adabu, ananipa shikamoo hata kama tumeachana dakika kumi tu. Matata yalianza aliposhika mimba.

"Mama," aliniambia, "mtoto wangu hatakunywa maji ya bomba hili."

"Atakunywa nini, soda?"

"Ya mvua tutakinga. Kiangazi nitachota kule chemchemi ya juu, msituni. Watu wa maji waliyapima yale, wakasema ni mazuri."

Kwenda huko ni saa nzima ya kupanda, njia ya mawe ambayo hata punda anagoma. Nilimwambia kwamba watu wamekulia hapa tangu enzi za mababu na hawakufa kwa ajili ya meno.

"Najua, Mama. Lakini huyu atakuja kusimama mbele za watu. Sitaki azibe mdomo."

Yeye alisema hivyo. Mimi nilisikia: sitaki afanane na wewe. Na kuanzia siku hiyo nikawa na kinyongo moyoni, sitaficha.

Nice akazaliwa, mtoto wa kike, mzuri, sauti ya kuvunja vyungu. Agnela akanunua ndoo mbili za bluu zenye vifuniko. Kila Jumatano na Jumamosi za kiangazi, alfajiri, alikuwa anapanda mlima, anarudi na maji kichwani, ndipo anaoga na kwenda dukani. Mtoto alibaki na mimi. Agizo lilikuwa moja: uji, chai, chakula, kila kinachoingia kinywani mwa Nice kipikwe kwa maji ya ndoo ya bluu. Wanawake wa jirani wakamwita Nice "mtoto wa maji ya baraka" na mimi nilicheka nao. Lakini agizo nililitii. Nina ulimi mkali, ila si mwongo. Niliagizwa maji, nikatumia maji.

Na Nice alipenda makande yangu kuliko chakula chochote. Maharage yetu ni magumu, yanakula kuni mpaka unachoka, lakini ukitia magadi kidogo tu, kipande cha ukubwa wa ukucha, yanalainika mpaka mtoto asiye na meno anameza. Agnela mwenyewe hakuwa anapikia magadi kwa sababu yanamchafua tumbo. Hakunikataza, kwa kuwa hakujua kama natia. Na mimi sikumwambia, kwa kuwa halikuwa neno la kuambiana. Nani hutangaza chumvi?

Alipanda mlima ule kwa miaka saba. Alipanda akiwa na mimba ya mtoto wa pili, Lucky, mpaka mwezi wa mwisho. Lucky alikuwa na mwaka mmoja na siku kadhaa meno mapya ya mbele ya Nice yalipochomoza.

La kwanza lilitoka na mstari. La pili likatoka kahawia lote.

Nilimwona Agnela amesimama mlangoni, ameshika kidevu cha mtoto, anakigeuzia juani huku na huku. Akaingia ndani, akatoka na ndoo zote mbili, akazimwaga kwenye migomba. Maji ya mwendo wa saa nzima, chini pwaa.

Na hapa nitasema ukweli ulivyo: nilifurahi. Kesho yake, bombani, mbele ya wanawake wote, nikasema kwa sauti, "Damu ni damu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Wakacheka. Nilipogeuka, Agnela alikuwa nyuma yangu kwenye foleni na ndoo ya bluu, amekuja kuchota maji ya bomba kama sisi.

Angenijibu ningelala vizuri zaidi. Kilichonitisha ni jinsi alivyobadilika baada ya pale. Yeye aliyekuwa anasimamia mswaki wa Nice kila jioni, akaacha. Yeye ambaye hakuruhusu soda nyumbani isipokuwa Krismasi, akawa anarudi nazo mjini. Siku ya Lucky kupelekwa kliniki ilipita, nikamkumbusha, akaniambia, "Tutakwenda tu, Mama. Ya kesho anayajua Mungu."

Maneno yalikuwa yangu. Kinywani mwangu yalikuwa yananipa nguvu ya kuamka. Kinywani mwake yalisikika kama mtu anayefunga duka.

Basi nikamchukua Lucky mwenyewe, nikambeba mgongoni hadi zahanati. Ilikuwa Alhamisi, nikapitia sokoni kwanza. Pale kliniki kulikuwa na afisa afya kijana anayeitwa Daniel, naye ni wa huku kwetu, meno yake nilipoyaona nikajisikia nyumbani. Akaanza habari za maji. Nikaanza kusinzia. Kisha akainua kitu mkononi, nikazinduka, maana nilidhani amekitoa kwenye kapu langu.

"Haya ni magadi," alisema. "Yana floraidi nyingi sana. Unaweza kukinga maji ya mvua, unaweza kwenda kuchota mbali, ukitia hili kwenye sufuria umekirudisha kilekile ulichokikimbia. Na meno ya mbele ya ukubwani yanaumbika ndani ya taya mtoto akiwa bado mdogo, ile miaka minne hivi ya kwanza. Yakishatoka yameshatoka."

Nilinyoosha mkono.

"Kidogo tu je?"

"Bibi," akasema kwa heshima, "kidogo tu kila siku, kwa miaka minne, ni kiasi gani?"

Majuto ni mjukuu, wanasema, na mimi wangu nilikuwa nimempakata. Lucky alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Kapuni, chini ya nyanya, kulikuwa na fungu la magadi nililotoka kulinunua.

Unadhani nilirudi nyumbani nikakiri? Nilirudi nikayatupa magadi chooni, nikajiambia basi, yamekwisha, hakuna aliyeona. Lakini maneno ya yule kijana hayakuniacha: kuacha magadi bila kubadili maji hakutoshi, kama kubadili maji bila kuacha magadi hakukutosha. Lucky alikuwa anakunywa maji ya bomba kila siku kwa sababu mama yake alikuwa amekata tamaa, na aliyemkatisha tamaa ni mimi.

Nikaamua nitakwenda kuchota mwenyewe, kimyakimya. Jumapili baada ya ibada nikachukua ndoo, nikapanda. Miaka sitini na tatu, magoti yanalia kila jiwe. Nilipofika chemchemini nilikaa chini nikawaza: mtoto wa watu alikuwa anapanda hapa na tumbo la miezi minane, na mimi niko chini natia magadi. Nilirudi na nusu ndoo. Nyingine niliimwaga njiani.

Agnela alikuwa uani.

"Mama, maji ya nini tena? Si ulisema damu ni damu?"

"Nilitaka tu kunyoosha miguu," nikasema. Mimi, niliyejisifu kwamba si mwongo.

Akacheka kidogo, bila furaha. "Usijichoshe bure, Mama." Akachota kikombe cha maji ya bomba, akampa Lucky mbele ya macho yangu, na mtoto akanywa yote.

Tangu siku ya kliniki nililala nikigeukageuka kwa siku tisa. Nikikaa kimya, meno ya Lucky ndiyo hayo yanaharibika ndani ya taya, siku baada ya siku, na mwenye dawa ni mimi. Nikisema, Agnela ana dada yake kule Lemara, mjini, mwenye nyumba kubwa, aliyekuwa anamwambia kila mwaka ahamie huko karibu na duka lake. Solomoni yuko mbugani na wageni wake, hawezi kuamua kitu. Angefunga mizigo, angeondoka na wajukuu wangu, na nani angemlaumu? Na zaidi ya yote, niseme tu, sikujua namna ya kuomba radhi. Sina mazoea.

Siku ya kumi nikaenda dukani kwa Marta. Marta ni Mchaga aliyezeekea huku kwetu, na ua wa nyumba yake ni wa masale, yale majani marefu ambayo Wachaga hupeleka kwa mtu waliyemkosea. Kwao, aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo kwenye harusi ya Solomoni na nikalicheka.

"Naomba jani moja," nikamwambia.

"La nini, Mama Solomoni? Mbuzi anaumwa?"

"La kazi yake."

Akanitazama. "Nani kakukosea?"

"Nimekosea mimi."

Marta akavuta kreti la soda, akakaa. Alikaa pale kama aliyepewa habari ya msiba. Kisha akainuka, akakata jani bichi, akalifunga fundo katikati, akanifundisha. Unalitoa kwa mikono miwili. Unalitaja kosa kwa jina lake. Huweki "lakini."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi hapo ndipo penye kazi," nikasema.

Agnela alikuwa jikoni anamenya ndizi. Aliponiona nimeingia na lile jani, akasimama, kisu mkononi, ndizi ikadondoka.

"Mama, hapana. Wewe ni mkubwa. Sisi hatu..."

"Kaa kimya nisije nikashindwa," nikamwambia. Nadhani si namna nzuri ya kuanza. Nikanyoosha mikono yote miwili. "Nimemharibu Nice meno. Nilikuwa natia magadi kwenye makande yake kila siku, tangu alipoanza kula. Maji yako yalikuwa mazuri. Magadi yangu ndiyo yaliyoyaharibu. Nimejua kliniki, nina siku kumi najua, na nimenyamaza."

Ndizi zilizotangulia sufuriani zilikuwa zinachemka. Hakulipokea jani.

"Miaka saba, Mama."

"Miaka saba."

"Nilipanda ule mlima na mimba."

"Ulipanda."

"Na ukanicheka bombani, mbele za watu."

"Nilikucheka."

"Lakini" ilikuwa imenijaa mdomoni. Lakini sikujua. Lakini hukuniuliza. Lakini kila mtu hutia. Niliimeza yote, na nakwambia hakuna kitu kigumu nilichowahi kumeza kama kile.

Akalia. Si kilio cha huruma, kilikuwa cha hasira, na alinitazama usoni muda wote akilia. Mwishowe akalishika jani, akalizungusha vidoleni, na alipozungumza hakusema nilichokitegemea.

"Kwa hiyo maji yalikuwa yanafanya kazi," akasema. "Kwa hiyo sikuwa mjinga."

"Hukuwa mjinga. Nipe ndoo."

Hakunisamehe siku ile. Jani alilipokea kwa kuwa ni isale, moyo ulikuja baadaye, polepole, kama unavyokuja moyo wa mtu aliyeumizwa kweli. Na Lemara hakwenda. Jumatano iliyofuata ndoo za bluu zilikuwa juu ya mlima, moja kichwani kwake, moja kichwani kwangu.

Nikawa nahesabu. Lucky alikuwa amebakiza miaka mitatu kasoro. Vipindi vitatu vya kiangazi, na magoti haya. Ndipo kwa mara ya kwanza maishani nikakaa nikajiuliza: mwakani nitakuwa nimekaaje? Nani atapanda nikianguka? Nikaenda zahanati kwa miguu yangu, bila kubebwa na bila kutishwa, nikamwambia Daniel anipime kila kinachopimika. Presha ilikuwa juu sana. Akanipa vidonge, akataka kunieleza umuhimu wake, nikamwambia aache hotuba, nina mtoto wa kuchotea maji. Sijaruka kidonge hata siku moja. Nilipunguza chumvi. Nikaacha ugoro, na wanaonijua walidhani nimeokoka. Sikuokoka. Nilikuwa na miadi na meno mawili ya mbele, na nilitaka kuwepo.

Yalikuja mwaka jana, Lucky alipofika miaka saba. Nilikuwa wa kwanza kuyaona kwa sababu kila asubuhi nilikuwa namfungua mdomo kama mnunuzi wa ng'ombe. Meupe. Meupe yote mawili, yamekaa pale kwenye fizi ya pinki kama hayajui yametoka wapi. Nikapiga yowe majirani wakaja na fimbo. Nikawaonyesha mmoja mmoja. Sijawahi kujivuna hivyo, hata siku Solomoni alipoanza kuendesha wazungu. Agnela alirudi kutoka dukani, akatazama, akanishika bega mbele ya watu wote wale, akasema, "Mama, tumeweza." Alisema tumeweza.

Ila Nice alikuwa amesimama pembeni, ana miaka kumi na mitatu, anaangalia.

"Koko," aliniuliza jioni, maana ndivyo wajukuu zetu wanavyomwita bibi, "mbona yake meupe? Si na mimi nilikunywa maji ya ndoo ya bluu?"

Nilikuwa nimemwomba radhi mama yake. Yeye, mwenye meno, sikuwahi kumwambia. Nikamwambia pale pale, bila jani na bila lakini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda kulala. Hakunisemesha siku mbili. Ananipa shikamoo, anaweka chai, anaondoka. Sikumlaumu. Siku mbili hizo ziliniumiza kuliko miaka yote ya magoti.

Siku ya tatu ilikuwa kliniki. Daniel alikuwa ameniomba nije na Lucky, niwaambie kina mama wadogo habari yetu. Shule ilikuwa imefungwa. Tulipokuwa tunatoka, Nice akavaa viatu, akatufuata, bila kuitwa.

Nilisimama mbele ya wale mabinti na vichanga vyao. Nikafungua mdomo wangu wakaona. Nikawaambia maji, nikawaambia magadi, nikawaambia kidogo tu. Mmoja nyuma, ananyonyesha mtoto, akacheka akasema, "Bibi, si hayo ni ya ukoo tu? Damu ni damu."

Nilijua jibu, na lilikuwa benchi la mbele, mdomoni mwa Nice, lakini si langu kulitoa.

Nice akainuka. Akaja mbele, akamvuta mdogo wake kwa mkono, akawageukia wale kina mama, akatabasamu kwa meno yote, taratibu, kutoka kushoto hadi kulia ili kila mtu aone.

"Haya yangu ni ya magadi," akasema. Kisha akainua kidevu cha Lucky. "Haya ya mdogo wangu ni ya Koko."

Kina mama wote walikuwa wanamtazama Lucky. Mimi nilikuwa namtazama Nice.